Boti za mbao Mimi na Toutou: miezi sita njiani, wiki saba kazini

Na Mwandishi Wetu, Bugarama

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando jedwali la bei za nafaka na mafuta ya kula. Sababu ni swali lililoulizwa sokoni hapa Bugarama mbele ya magunia ya dagaa. Mnunuzi alitaka kujua kwa nini dagaa hupanda bei mvua inapoharibu barabara, wakati ziwani hakuna barabara, na samaki hawajui kama kuna tope. Muuzaji alicheka, akamjibu kwamba dagaa hawatembei.

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Gunia linalofika hapa kutoka ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Geita limebeba gharama za watu wengi: mvuvi na taa zake, boti ya mbao na mashine yake, petroli, wapakuaji, ushuru, lori na dereva, na mwisho mchuuzi anayepima kwa kopo. Mnunuzi hulaumu mtu wa mwisho kwa sababu ndiye anayemwona. Chombo kilichoanza safari, yaani ile boti ya mbao yenye injini, watu wa huku bara hawakifikirii kabisa.

Sasa, kama kuna boti za mbao zenye injini zinazoweza kumfundisha mfanyabiashara maana ya gharama ya usafirishaji, ni zile mbili zilizoingia Ziwa Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1915. Majina yao ni Mimi na Toutou. Msomaji asidhani kuwa la kwanza ni neno letu. Tutaeleza lilikotoka.

Ziwa lenye mwenyewe

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Ziwa Tanganyika lilikuwa mpaka wa wakubwa watatu. Mashariki kulikuwa na Wajerumani, waliotawala nchi yetu ya leo ya Tanzania Bara. Magharibi kulikuwa na Wabelgiji wa Kongo, na kusini kabisa Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670. Kwa jeshi au kwa mfanyabiashara ilikuwa barabara iliyokwisha kujengwa na Mungu, isiyodai matengenezo.

Wajerumani waliiwahi barabara hiyo. Mwezi Agosti 1914 waliiharibu meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Del Commune. Mwezi Novemba wakaziharibu meli mbili kuukuu za Waingereza, Good News na Cecil Rhodes. Baada ya hapo ziwa likawa lao. Walikuwa na meli ndogo mbili za mvuke zenye silaha, Kingani na Hedwig von Wissmann, na pale Kigoma walikuwa wakiunganisha meli kubwa ya chuma, Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70.

Hiyo Götzen ina historia yake ya usafirishaji. Ilijengwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa yote vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapandishwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mafundi wakaja nayo kutoka Papenburg na kuanza kuiunganisha upya, na ilishushwa majini Februari 1915. Waingereza nao walikuwa wamefanya vivyo hivyo kwa Ziwa Victoria. Meli yao William Mackinnon ililetwa kwa vipande kutoka Uskoti ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita.

Hapo ndipo tofauti ya chuma na mbao inapoanza kuonekana. Meli ya chuma hufunguliwa na kufungwa tena kwa ribiti, sahani juu ya sahani. Boti ya mbao nyembamba ikisha kupigwa mbao zake na kalafati, haifunguliki. Ukiifungua umeivunja. Ni lazima isafiri nzima, kama jeneza.

Mwindaji na hesabu yake

Mtu aliyeleta wazo hili alikuwa mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, aliyezijua njia za Kongo ya kusini. Mwezi Aprili 1915 alikwenda London kumwona Admeri Sir Henry Jackson wa jeshi la majini. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kijeshi. Meli kubwa ya vipande ingehitaji karakana, mafundi na miezi ya kuunganisha ufukweni, huku adui akitazama. Boti ndogo yenye kasi ingebebwa nzima na kuingia majini ikiwa tayari kwa kazi. Admeri alikubali, kwa maelezo kwamba jeshi la majini lina wajibu wa kumfuata adui popote penye maji ya kuelea chombo.

Boti hazikujengwa kwa ajili ya safari hiyo. Zilipatikana tu. Kampuni ya Thornycroft, yenye karakana kando ya mto Thames, ilikuwa na boti zilizoagizwa na Wagiriki kwa kuhudumia ndege za majini. Mbili zikachukuliwa. Urefu wa kila moja ulikuwa futi 40 na upana futi 8. Ubavu wake ulikuwa wa mbao za mahogani. Wauza mbao wa Geita na Kahama watakumbuka kwamba mkangazi wetu ni wa ukoo huohuo. Ndani yake mlikuwa na injini mbili za petroli, zenye nguvu ya farasi 100 kila moja, kila injini na panga lake la kusukumia maji. Kasi yake ilifika noti 19, ambayo ni karibu kilomita 35 kwa saa. Kwa mwaka 1915, katika maziwa ambamo meli za mvuke zilijikokota kwa kuni, kasi hiyo ilikuwa ya ajabu.

Omo likawekwa mzinga mdogo na tezi bombomu. Matangi ya petroli yakazungushiwa bamba za chuma, maana risasi moja kwenye tangi ingemaliza biashara yote. Mzinga huo ulikuwa mzito kwa mbao hizo. Ulipaswa kupigwa kuelekea mbele tu, kwa kuwa ukipigwa kwa ubavu mshindo wake ungeweza kuudhuru mwili wa boti. Inasimuliwa kwamba katika majaribio kwenye Thames, Juni 1915, risasi ya kwanza ilipata shabaha, lakini mzinga ulikuwa haujafungwa sawasawa, ukaruka mtoni pamoja na mpigaji.

Kiongozi wa msafara alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa ambaye kazi yake jeshini haikuwa imemletea sifa. Alipendekeza boti ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, wakayakubali, bila kutambua kwamba kwa masikio ya Kifaransa cha mitaani ni milio ya paka na mbwa vilevile. Kwa Kiswahili jina la kwanza lilipata maana nyingine, na bila shaka wabeba mizigo wa Tanganyika walikuwa na lao la kusema waliposikia chombo kinajiita Mimi.

Barabara yenyewe

Msafara uliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915 kwa meli Llanstephan Castle, ukiwa na watu wasiofika thelathini, na kufika Cape Town mwanzoni mwa Julai. Boti zikapakiwa juu ya mabehewa. Treni ikazivuta kaskazini zaidi ya kilomita 3,000, kupitia Rhodesia hadi Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi, na mbele kidogo hadi Fungurume, ambako reli ilikuwa imeishia. Walifika hapo tarehe 5 Agosti. Mpaka hapo gharama ilikuwa ya kawaida: nauli ya meli, nauli ya reli, posho za watu.

Kutoka Fungurume hadi kituo cha Sankisia, ambako kulikuwa na kipande kingine cha reli, palikuwa na zaidi ya kilomita 200 za pori, mabonde na milima ya Mitumba. Barabara haikuwapo. Ilibidi ikatwe. Vikosi vya vibarua wa Kiafrika vilitangulia wakikata miti, kung'oa visiki, kulipua mawe na kujaza makorongo. Madaraja yaliyojengwa kwa magogo yalizidi mia. Mengi yalikuwa ya kupita mara moja tu, na baadhi yalikataa hata hiyo mara moja.

Kazi ya kuvuta ilipewa matrekta mawili ya mvuke. Wazee waliowahi kuona mashine za zamani za kushindilia barabara wanaweza kuzipigia picha: tanuri, bomba la moshi, magurudumu ya chuma, na njaa isiyokwisha ya kuni na maji. Yalikuwa na nguvu, lakini yalikuwa mazito kuliko mzigo yaliouvuta. Magogo ya madaraja yaliyoweza kubeba boti yalivunjika chini ya trekta. Mara kwa mara trekta lenyewe ndilo lililotumbukia, na siku nzima au zaidi ikatumika kulitoa mtaroni, boti ikingoja nyuma kwenye gari lake la magurudumu.

Penye mteremko mkali, matrekta yakishindwa, ilitumika mbinu ya kamba na kapi. Kamba nene ilizungushwa kwenye mti mkubwa juu ya kilima, upande mmoja ikafungwa boti na upande wa pili makundi ya maksai. Maksai wakisukumwa kuteremka, boti inapanda. Fundi wa kijijini anayevuta ndoo kisimani anaijua kanuni hiyo, ila hapa ndoo ilikuwa na urefu wa futi 40. Mwanzoni mwa Septemba walikuwa juu ya Mitumba, kimo cha karibu mita 1,800. Kushuka kulikuwa na hatari kuliko kupanda, kwa sababu sasa mzigo ulitaka kuwatangulia wenyewe.

Halafu maji yakaadimika. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na matrekta yalikuwa yakinywa kuliko maksai. Inasimuliwa kwamba wanawake wa vijiji vya karibu walikodiwa kubeba maji kwa vyungu kutoka mbali ili kujaza matanki ya mashine. Mwandishi wa habari hizi amesoma maelezo mengi ya safari hiyo ambayo yanamsifu kiongozi, yanamcheka kiongozi, yanaeleza sketi aliyovaa na michoro ya chanjo mwilini mwake. Hao wanawake wanapata sentensi moja. Kwa mtu wa biashara, hiyo ndiyo sentensi ya kuangalia. Mashine ya kisasa kuliko zote katika pori lile ilisimama hadi mama mwenye chungu alipofika.

Kiangazi kilikuwa tatizo kwa boti zenyewe pia. Fundi yeyote wa mitumbwi kule ufukweni atakueleza kwamba mbao iliyozoea maji ikikaa juani husinyaa, viungo vikaachia, na ukiirudisha majini inavuja mpaka ilowe na kuvimba tena. Hilo ndilo tatizo la kubeba boti ya mbao nchi kavu kwa wiki nyingi. Chuma ukikiacha juani kinapata moto, jioni kinapoa.

Tarehe 28 Septemba walifika Sankisia. Reli fupi ikawafikisha Bukama, kwenye mto Lualaba. Hapo ilionekana kama taabu imekwisha, maana mto unashuka wenyewe kuelekea kaskazini. Lakini maji ya mto yalikuwa yamepungua, na boti zilikwama kwenye mchanga mara nyingi, zikisukumwa na watu waliosimama ndani ya maji, kabla ya kupata kina cha kutosha. Tarehe 22 Oktoba walikuwa Kabalo. Siku chache baadaye, kwa reli ya Wabelgiji, wakafika karibu na mdomo wa mto Lukuga, palipo leo mji wa Kalemie. Wakakuta hakuna bandari. Ikabidi ijengwe gati ya mawe kuzikinga boti na mawimbi, na hiyo ikala wiki nyingine.

John Lee, mwenye wazo, hakuyaona hayo. Alikuwa ameondolewa katika msafara njiani. Wafanyabiashara wetu waliowahi kumpelekea mtu mwenye mtaji wazo zuri hawatashangaa sana.

Dakika kumi na moja

Mimi na Toutou ziliguswa na maji ya Ziwa Tanganyika siku mbili tatu kabla ya Krismasi ya 1915. Tarehe 26 Desemba, siku ya Jumapili, watu wakiwa katika ibada ya asubuhi, Kingani ilionekana ikipita kuchunguza ufukwe. Ibada ikamalizwa kwanza. Kisha boti mbili zikaondoka.

Kingani ilikuwa ya chuma na nzito kuliko boti zote mbili pamoja, lakini haikuwa na hata nusu ya kasi yao. Mzinga wake ulikuwa omo na ulielekea mbele. Waingereza wakaiacha ipite, wakaijia kutoka nyuma, kila boti upande wake. Pambano lilidumu dakika 11. Kapteni wa Kijerumani aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na meli ikajisalimisha. Iliburutwa hadi pwani, ikazibwa matundu, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya, Fifi. Jina hilo nalo lilitoka katika ukoo uleule wa majina ya kuchekesha.

Wajerumani hawakujua Kingani imekwenda wapi. Tarehe 9 Februari 1916 waliituma Hedwig von Wissmann kutafuta habari. Toutou ilikuwa katika matengenezo, hivyo wakatoka Mimi na Fifi. Fifi, ikila kuni kama tanuri la chokaa, ilishindwa kuifikia Hedwig. Ndipo Mimi ikakimbia mbele, ikawa inaidonoa kutoka mbali. Kila Hedwig ilipogeuka kumjibu huyo mdogo, ilipoteza mwendo. Risasi za Fifi zilipokuwa zikipita juu, Mimi ilirudi kuijulisha. Mwisho Fifi ikapata shabaha, na Hedwig ikazama.

Siku iliyofuata Götzen yenyewe ilipita ikitafuta. Boti hazikutoka. Kiongozi aliyefika mpaka hapo kwa kuvuka milima alikataa kuipeleka mbao yake mbele ya mzinga uliochukuliwa kutoka manowari Königsberg, ile iliyofia katika mto Rufiji mwaka 1915. Wengi walimlaumu na wanaendelea kumlaumu. Ukurasa huu unaona kwamba alipiga hesabu sawa. Boti za futi 40 zilikuwa zimefanya kazi zilizoweza. Hasara ya moja isingeweza kufidiwa, kwa sababu nyingine ingetaka miezi sita na barabara iliyokwisha kuota majani.

Kutoka Uingereza hadi ziwani ilichukua zaidi ya miezi sita. Kutoka kuingia majini hadi pambano la mwisho ni wiki saba.

Chuma kilichopakwa grisi

Götzen haikuzamishwa na adui. Wabelgiji walipoushambulia mji wa Kigoma kwa ndege, na majeshi yao yalipokaribia kuikata reli, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi kwa unene, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa. Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikabeba abiria, mawese, dagaa na saruji kwa miongo mingi katika ziwa lilelile, na wengi wa wasomaji wetu wenye asili ya Kigoma walipanda meli hiyo wakiwa wadogo.

Mimi na Toutou hazikupata uzee wa namna hiyo. Hakuna abiria aliyewahi kukata tiketi ya Toutou. Zilibaki katika vitabu. Mwandishi C. S. Forester alitoa riwaya yenye kisa kinachofanana na hiki mwaka 1935, The African Queen, ikafanywa filamu mwaka 1951. Na mwaka 2004 Giles Foden alitoa kitabu kizima juu ya safari yenyewe. Boti iliyotumika katika filamu ni nyingine kabisa, ya mvuke, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912 ikafanya kazi Ziwa Albert. Watalii wanaoipanda huko Florida mara nyingi huamini wamegusa Ziwa Tanganyika.

Stakabadhi isiyoandikwa

Kuna jambo moja ambalo hesabu za msafara huu hazilionyeshi vizuri. Bei ya boti ilikuwa na karatasi yake. Nauli ya meli na reli zilikuwa na karatasi zake. Lakini barabara ya Mitumba ilijengwa kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa, na walipokwisha kupita nayo, iliachwa.

Katika vita hiyo nzima ya Afrika Mashariki ndivyo mizigo ilivyokwenda. Magari yalikuwa machache, maksai na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Waingereza pekee, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Mfanyabiashara wa Bugarama anayekwenda Dar es Salaam kuchukua vitenge na vipuri hulitaja jina lao kila safari bila kufikiri. Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi yao mahali pale. Soko kubwa kuliko yote nchini linaitwa kwa jina la watu waliokuwa gharama ya usafirishaji.

Tukirudi kwenye gunia la dagaa

Boti ya mbao ya Ziwa Victoria ya leo ni ndugu wa mbali wa Mimi, lakini biashara yake imepinduliwa. Ile ilijengwa mbali na kuletwa nzima. Hii inajengwa ufukweni, hatua chache kutoka mahali itakapoelea. Fundi analaza mkuku, anasimamisha mataruma, anapigilia mbao, anaziba viungo kwa pamba, na chombo kinasukumwa majini kwa mabega ya vijana na wimbo. Kinachosafiri kutoka mbali ni mashine, inayoning'inia tezi na kung'olewa jioni ikalale ndani na mwenyewe kwa kuogopa wezi. Mashine hiyo ni mtoto wa zile injini za petroli za 1915. Nyepesi, yenye nguvu, na isiyofanya kazi hata dakika moja bila petroli iliyokuja kwa lori.

Mabadiliko yapo kwenye mbao. Zamani mafundi walipenda mvule, ambao hauozi upesi majini. Mvule mkubwa umeadimika, na mbao nzuri sasa hufuatwa mbali, na hilo linairudisha boti ya ufukweni kwenye ugonjwa wa Mimi, kwamba sehemu ya thamani yake imeanza kuliwa na barabara. Fundi anayekosa mvule hutumia mti laini zaidi, na boti inadai matengenezo mapema. Mwenye boti hufidia kwa nauli. Mwenye lori hufidia kwa tope. Vyote hivyo vinaingia kwenye gunia linalofika hapa.

Watu wa ukanda huu wa dhahabu wameona mitambo ikipita hapa kuelekea Bulyanhulu na Geita juu ya magari ya magurudumu mengi, ikienda polepole, watoto wakikimbia pembeni, madaraja yakiimarishwa kwanza ndipo mzigo uvuke. Kwa hiyo picha ya boti ikipanda mlima si ngeni sana kwao kama inavyoweza kuwa kwa msomaji wa Dar es Salaam.

Kwa wale waliotuandikia kuuliza kama inafaa kununua boti iliyotumika ziwa jingine na kuihamishia Ziwa Victoria kwa lori, jibu la mafundi ni lilelile. Uliza kwanza itakaa juani siku ngapi, nani atakayeikalafati upya ikifika, na lori litarudi na mzigo gani. Mashine inaweza kuhama yenyewe kwenye sanduku. Mbao, kama mwili wake umekauka na bei ya lori inakaribia bei ya kujenga mpya, iache ilipo.

Jedwali la bei za mahindi, mpunga na mafuta litarudi wiki ijayo, pamoja na dagaa, kwa gunia na kwa kopo.